Kutoka Msitu wa Mawingu Hadi Miamba ya Isabela: Siku Tisa za Tukani na Jongoo Bahari

Siku ya kwanza: Quito

Nimewasili Quito magharibi ikiingia, na kwa kuwa mji huu uko takriban mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, mimi niliyezaliwa Tanga nimepanda ngazi za nyumba ya wageni kwa kupumzika mara mbili. Nimekuja Ekuador kwa ajili ya viumbe wawili. Wa kwanza ni ndege aitwaye tukani wa milimani mwenye bamba mdomoni, Andigena laminirostris, anayeishi katika misitu ya mawingu ya mteremko wa magharibi wa Milima ya Andes, kuanzia kusini-magharibi ya Kolombia hadi magharibi ya Ekuador. Wa pili ni jongoo bahari wa kahawia, Isostichopus fuscus, mnyama laini mwenye umbo la tango, ambaye makazi yake ni miamba ya Pasifiki kuanzia Meksiko kuja kusini, pamoja na Visiwa vya Galápagos.

Sababu ya kuwaweka wawili hawa katika safari moja ni ya kwangu mwenyewe. Ami yangu alikuwa mzamiaji wa majongoo, na katika utoto wangu nyua za kwao zilinuka moshi na chumvi, sufuria kubwa ikichemka tangu alfajiri na majongoo mchanga, yaani ile aina inayoishi mchangani, yakianikwa juu ya majamvi hadi yakauke kama vipande vya gome. Hapakuwa na mtu wa kwetu aliyeyala. Yote yalipelekwa kwa mnunuzi, na kutoka kwake yakaenda China. Mwaka hadi mwaka ami alilazimika kwenda mbali zaidi na kuzama chini zaidi, lakini sikumsikia mtu yeyote mtaani akisema kwamba majongoo yanakwisha. Nilipokuja kuwa mwalimu wa biolojia niliona kwamba kuhusu ndege watu hulalamika mapema, na swali hilo limenikaa moyoni miaka mingi: je, tofauti iko kwa watu peke yao, au iko pia katika maumbile ya viumbe wenyewe?

Siku ya pili: Tandayapa

Tumeondoka Quito saa kumi za usiku kwa barabara ya zamani inayopitia Nono, mwezi mwembamba wa siku za mwisho ukining'inia juu ya milima, na kulipopambazuka tulikuwa tumeshateremka hadi bonde la Tandayapa, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200. Msitu wa hapa hauhitaji mvua ili ulowe. Mawingu hupanda kutoka upande wa Pasifiki, yakagota kwenye mteremko, na kila tawi likakusanya matone yake. Miti imevikwa kuvumwani, okidi na mabromelia kiasi kwamba gamba lenyewe halionekani.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Ilianza sauti moja ndefu, yenye kukwaruza na kupanda kidogo mwishoni, ikirudiwarudiwa kwa subira kutoka ng'ambo ya bonde, na baada ya muda ikajibiwa na nyingine iliyokuwa karibu nasi zaidi. Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo aliyekulia katika bonde hili hili, alieleza kwamba dume na jike huitikiana namna hiyo, na kwamba yeye huwafahamu kwa masikio jozi zote za kando ya barabara hii. Tulisimama kimya kwa karibu saa nzima. Hatimaye ukungu ulifunguka, na juu ya msekropia, mti wenye majani mapana kama viganja, walikuwa wametua wawili.

Nimezoea picha za tukani wa nchi za chini wenye midomo mikubwa ya rangi ya machungwa, na sikutarajia ndege mwenye rangi zilizopangwa kwa utulivu kama huu. Utosi wake ni mweusi. Kifua na tumbo ni vya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Mgongo ni wa kahawia yenye kung'aa. Ubavuni ana doa la njano, na chini ya mkia ana wekundu wa damu. Ngozi iliyo wazi kuzunguka jicho ina rangi mbili, buluu na njano. Mdomo ni mweusi wenye wekundu kwenye shina, na ubavuni mwa taya la juu limepachikwa bamba la njano iliyopauka, mithili ya kipande cha pembe kilichogundishwa na fundi. Bamba hilo ndilo lililompa jina la kitaalamu alipoelezwa na John Gould, mtaalamu wa ndege Mwingereza, mwaka 1851. Ana urefu wa sentimita 42 hadi 51, lakini uzito wake hauzidi sana gramu 350, kwa sababu ndani ya ule mdomo mkubwa mna mifupa myembamba iliyofumwa kama sifongo, yenye hewa tele.

Msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka hondohondo, na mimi pia nilimkumbuka yule mwenye mashavu ya fedha anayepiga kelele katika msitu wa Amani, Usambara. Hata hivyo hawa si ndugu. Tukani yuko karibu zaidi kiukoo na kigong'ota kuliko hondohondo, na midomo yao mikubwa imetokea mara mbili katika mabara mawili kwa kazi inayofanana, yaani kuchuma tunda lililo kwenye ncha ya kijiti kisichoweza kubeba uzito wa mwili.

Siku ya tatu: Tandayapa

Siku nzima tumemfuata mmoja wa wale wawili. Nimemwona akichuma kitunda cheusi kwa ncha ya mdomo, akakirusha nyuma kwa kuinua kichwa, akameza, na baada ya dakika kadhaa akiwa juu ya mti mwingine kabisa akaitema kokwa, ikadondoka safi. Kokwa kubwa huzitema. Mbegu ndogo hupita tumboni na kutoka na kinyesi. Kwa njia hiyo mti usioweza kutembea hupanda watoto wake upande wa pili wa bonde. Katika hifadhi ya La Planada iliyoko Nariño, Kolombia, ambako ndege huyu alichunguzwa kwa kina, ilibainika kwamba hula matunda ya aina nyingi sana za mimea, na kwa hiyo huzunguka akifuata msimu wa kila mmoja. Hula pia wadudu na mayai ya ndege wengine.

Jambo lililonishangaza zaidi ni nyumba yake. Tukani hana mdomo wa kuchimba mti mgumu, kwa hiyo hutegemea tundu lililokwisha kuanzwa katika mti uliokufa au unaooza, na huko La Planada ilionekana kwamba hunyang'anya matundu ya ndege mdogo zaidi, Semnornis ramphastinus, ambaye amejichimbia kwa taabu yake pamoja na jamaa zake. Tukio hilo halinipunguzii mapenzi kwa tukani, ila linaonyesha hesabu yake ilivyo: panapokuwa na miti mikavu michache, mmoja huzaa kwa hasara ya mwingine. Mkulima anayesafisha shamba kwa ajili ya malisho huanza kwa kuondoa miti mikavu. Mwongozaji alinionyesha kilima kilichokuwa malisho alipokuwa mtoto na ambacho sasa kimeota tena msitu. Miti imerudi mirefu, ndege huja kula, lakini hajawahi kuwaona wakitaga humo kwa sababu miti yote bado ni michanga mno kuweza kufa.

Nilimuuliza watu wa hapa walijuaje kwamba ndege wanapungua. Alinitazama kama aliyeulizwa jambo dogo. Alisema kwamba bonde lilinyamaza, na kila mtu aliyeamka alfajiri kwenda kukamua ng'ombe alisikia kunyamaza huko. Msitu wa Mindo-Nambillo, ulio chini kidogo ya hapa, uliwekwa chini ya ulinzi mwaka 1988, baadaye watu binafsi wakanunua vipande vya mteremko na kuviacha viote, na mwaka 2018 UNESCO ikaitangaza Chocó Andino de Pichincha, eneo lenye misitu hii, kuwa hifadhi ya bayongahewa, yaani eneo ambamo uhifadhi na maisha ya watu huenda pamoja. Leo hii tukani huyu amewekwa katika daraja la viumbe walio karibu na kutishiwa, daraja ambalo ni la tahadhari na bado halijawa la msiba.

Siku ya nne: barabarani

Tumerudi Quito kwa mvua. Nimefua nguo zilizonuka ukungu.

Siku ya tano: Baltra na Puerto Ayora

Ndege iligusa Guayaquil kisha ikavuka bahari kiasi cha kilomita 1,000 hadi kisiwa cha Baltra, Galápagos, na kutoka hapo tukavuka mfereji wa Itabaca kwa mashua na kukikata kisiwa cha Santa Cruz kwa gari hadi mji wa Puerto Ayora. Njiani tulipita kwenye ukungu wa nyanda za juu za kisiwa, na masikio yangu yalisubiri ule mwito wa kukwaruza ingawa nilijua fika kwamba hakuna tukani aliyewahi kufika visiwa hivi kwa mabawa yake. Mabawa yake ni mafupi, ya kuvukia mabonde.

Jongoo alifika. Mtu mzima wake hawezi kwenda mbali, lakini mayai huelea, na mabuu yanayotokana nayo ni madogo mno, yakichukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua kwenye mwamba. Nimelala nikilifikiria jambo hili: kwa umri wake wote tukani ndiye msafiri, lakini kwa kipindi kile kifupi cha utoto jongoo humpita mbali.

Siku ya sita: Puerto Ayora hadi Puerto Villamil

Asubuhi nimetembelea Kituo cha Utafiti cha Charles Darwin, kilichofunguliwa mwaka 1964, na nimesimama kwa muda mrefu mbele ya lango lake kwa sababu ya tukio lililotokea hapo Januari 1995. Ili kulieleza inanibidi nirudi nyuma kidogo. Uvuvi wa majongoo ulianza kwenye pwani ya bara ya Ekuador mwishoni mwa miaka ya 1980, na yalipoadimika huko wavuvi na wanunuzi wakahamia Galápagos. Mwaka 1992 serikali ikapiga marufuku. Mwezi Oktoba 1994 ikafungua uvuvi wa majaribio wa miezi mitatu kwa kiwango cha majongoo 550,000, lakini wakati unafungwa kabla ya muda wake, mwezi Desemba, ilikadiriwa kwamba yalikuwa yamevuliwa baina ya milioni 8 na milioni 12. Wavuvi waliokasirishwa na kufungwa huko walikizingira kituo hiki mapema mwaka uliofuata, wakiwatishia kobe wakubwa waliofugwa humo.

Sheria Maalumu ya Galápagos ya mwaka 1998 iliunda Hifadhi ya Bahari, na mwaka 1999 uvuvi ukafunguliwa upya kwa kuwashirikisha wavuvi wenyewe katika maamuzi. Mwaka 2002 yalivuliwa zaidi ya milioni 8. Baada ya hapo mavuno yaliporomoka, na ikafikia kuwekwa kanuni kwamba msimu haufunguliwi ikiwa majongoo katika eneo la magharibi ya kisiwa cha Isabela hayafiki wastani wa 11 katika kila mita 100 za mraba. Jongoo mbichi asivuliwe akiwa chini ya sentimita 20, na mkavu chini ya 7. Ekuador ilimwingiza pia katika Nyongeza ya Tatu ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2003, na katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, jongoo huyu yuko katika daraja la walio hatarini kutoweka.

Mchana tumepanda boti ya mwendo kasi kwa saa mbili hadi Puerto Villamil, kisiwa cha Isabela. Mawimbi yalikuwa makubwa, na abiria wawili waliugua njia nzima.

Siku ya saba: Concha de Perla

Kuna kighuba kilichofungwa kwa mawe meusi ya volkano na mikoko nyuma ya gati la Villamil, na huko nimeingia majini asubuhi kwa barakoa na mrija wa kupumulia. Maji ni ya baridi kwa mtu wa Bahari ya Hindi. Simba wa bahari mchanga alinipita, kasa alikuwa akila mwani, na pengine ningetumia saa zote nikiwatazama hao kama nisingekuwa na miadi nyingine.

Nilimpata chini ya ukingo wa mwamba, kwenye kina cha kama mita mbili, nusu kivulini, kwa kuwa jongoo huyu hutoka zaidi usiku kula. Ana urefu wa kama kiganja na nusu, rangi ya kahawia iliyokolea, na mgongo uliojaa vichuguu vinene vyenye ncha za rangi ya machungwa. Nimeshika majongoo mengi maishani, lakini hapa sheria inamtaka mgeni abaki mita mbili kutoka kwa kila mnyama, na kwa mara ya kwanza nililazimika kumtazama jongoo bila kumgusa. Nilitazama hadi meno yakaanza kugongana.

Upande wa mbele una minyiri mifupi yenye ncha pana, inayopapasa mwamba, kukusanya mchanga na takataka laini, kisha kila mmoja huingizwa mdomoni kwa zamu, kama mtoto anayelamba vidole. Chakula ni kile kinachooza. Mchanga hupita tumboni na kutoka ukiwa umesafishwa, na madini yaliyofungwa ndani yake hurudi majini kuwalisha mwani. Chini ana safu za miguu-neli inayoendeshwa kwa shinikizo la maji. Hupumua kwa kuvuta maji kupitia tundu la nyuma hadi kwenye mirija yenye matawi kama mti. Ubongo hana, ana pete ya neva kuzunguka koo. Akishambuliwa anaweza kuutoa utumbo wake wote na kuuotesha mwingine, na ngozi yake hugeuka kuwa laini au ngumu kwa kadiri anavyotaka.

Nikiwa majini nilijaribu kumweka tukani pembeni yake. Mmoja huchukua kilicho bora kabisa cha mti, tunda bivu, na kulipa kwa kupanda mbegu. Mwingine huchukua kilichokataliwa na wote na kulipa kwa kurudisha rutuba. Kwa faida ya mahali wanapoishi sioni kwamba mmoja amemzidi mwenzake. Ila tukani akiwa peke yake mlimani atapaza sauti, na mwenzake aliye ng'ambo ya bonde atasikia, atavuka na kuja. Jongoo hana mwito. Dume humwaga mbegu zake majini na jike mayai yake, na yakutane yasikutane ni jambo la umbali. Wakiwa mbali mno, maji huzichanganya mbegu hadi zisiwe kitu, na majongoo wenye afya kamili wakaishi miaka mingi bila mtoto hata mmoja. Ndiyo maana ile kanuni ya 11 katika mita 100 za mraba ina uzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi: ukaribu ndio sauti ya jongoo.

Siku ya nane: Puerto Villamil

Nimezungumza jioni na mzee aliyezama miaka mingi kwenye mlango wa bahari baina ya Isabela na Fernandina, ambako maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini na majongoo yalikuwa mengi kupita kote. Alitumia kompresa iliyofungwa kwenye mashua ya faiba na mpira mrefu uliompelekea hewa, akikaa chini saa nyingi kwa siku. Bega lake la kushoto halinyanyuki tena, na alilionyesha bila kulalamika. Nilimwambia habari za ami, ambaye naye alimaliza kazi akiwa na magoti yasiyokunjika, na tangu hapo aliniita mwanangu.

Alieleza kwamba mwanzoni mtu alijaza gunia bila kusogea alipotua. Baadaye akawa anaogelea kutoka jongoo mmoja hadi mwingine, na kila umbali ulipoongezeka alidhani ni bahati mbaya ya siku hiyo. Juu ya maji bahari ilikuwa ile ile. Samaki walikuwepo, ndege wa bahari walikuwepo, na hakukuwa na asubuhi ambayo mtu angeamka akasema kuna kitu kimenyamaza. Nilimkumbuka yule mwanamke wa Tandayapa, na nikajua kwamba nimelipata jibu la swali langu kwa nusu kubwa.

Alizungumzia pia kambi zilizojificha pwani, ambako miaka ya mwanzo mikoko ilikatwa kuwa kuni za kuchemshia. Kwetu husemwa mtupa jongoo hutupa na mti wake, na hapa methali hiyo ilitimia kwa herufi zake, tena kwa ukali, kwa kuwa mikoko ya Isabela ndiyo makazi pekee yaliyobaki ya shorewanda wa mikoko, Camarhynchus heliobates, mmoja wa ndege adimu kuliko wote wa visiwa hivi. Mzee anaunga mkono kufungwa kwa misimu, lakini alisisitiza kwamba kijana mwenye deni la mashine haangalii mita za mraba. Nilimweleza kwamba Unguja sasa jongoo mchanga hufugwa katika vizimba vya baharini. Aliuliza maswali mengi: wavu wa aina gani, nani hulinda usiku, mnunuzi hulipa lini.

Tulipoagana kwenye gati mwezi mwandamo ulikuwa umeonekana upande wa magharibi, mwembamba, siku ya pili.

Siku ya tisa: Concha de Perla

Boti ya kurudi huondoka mchana, kwa hiyo nimerudi majini mara tu kulipopambazuka. Katika matangi ambamo jongoo huyu amezalishwa huko bara ya Ekuador ilionekana kwamba hupenda kumwaga mayai siku chache baada ya mwezi kuandama, na mzee alikuwa amelijua hilo kwa macho yake kabla ya kuambiwa na mtu.

Chini ya ukingo ule wa mwamba hapakuwa na kitu. Nilizunguka kighuba chote polepole, nikihesabu, na katika muda wa saa moja na nusu niliona majongoo matano tu, manne yakiwa yametengana kwa mapigo mengi ya miguu. La tano lilikuwa karibu na mikoko, na nilipokwisha kulihesabu niliona kwamba sikuhesabu sawasawa, kwa sababu nyuma yake, kwenye ufa wa jiwe lile lile, palikuwa na la sita, shubiri moja tu kutoka kwa mwenzake.